Siku Besi Iliponyamaza

Lori la Kishindo lilikuwa limeshatoka getini, magurudumu ya mbele yamekwisha kanyaga barabara, ndipo mke wa Timazi alipochomoka mbio na kandambili mguu mmoja, amekumbatia gitaa la zamani lililoviringishwa blanketi kama mtoto mwenye homa.

"Jamani! Mmemsahau bi mkubwa!"

Timazi alikuwa nyuma ya lori, amekaa juu ya spika, mikono imeng'ang'ania ubao wa pembeni. Akamjibu kwa sauti ya juu, "Mwache apumzike! Leo zamu ya bi mdogo!"

"Haya bwana! Usiache mbachao kwa msala upitao!"

"Tutachelewa, mama watoto!"

Lori likakata kona. Mke akabaki pale getini na mzigo wake, futi ya kushonea ikining'inia shingoni, kwa kuwa alikuwa na nguo za watu za kumaliza siku hiyo na hakuweza kwenda nao. Ndani ya lori, mbele, kati ya dereva na mlango, alikaa mama yake Timazi, mkoba magotini, macho mbele. Aligeuka mara moja tu kumuuliza Kishindo, aliyekuwa dereva na mpiga ngoma kwa pamoja, "Hivi mwanangu ameoa wake wawili na mimi sikuambiwa?"

Kishindo nusura aliingize lori mtaroni kwa kucheka. "Ni magitaa hayo, mama. Magitaa tu."

Na kweli yalikuwa magitaa. Mkewe ndiye aliyeyapa vyeo. Bi mkubwa lilikuwa besi ya nyuzi nne, zito kama ubao wa kitanda, shingo yake imewahi kuvunjika ikaungwa kwa gundi ya seremala, na nyuzi zake hazijabadilishwa tangu mtoto wa kwanza hajaota meno. Wapiga besi wana imani hiyo: uzi wa zamani una sauti ya kukomaa. Bi mdogo lilikuwa na nyuzi tano, linang'aa kama kigae kilichofutwa sasa hivi, vifundo vya kuzungusha vimejaa tumboni, na mgongoni lina kijumba cha betri ya mraba, maana sauti yake inasukumwa kwa umeme kabla haijafika kwenye spika.

Sasa huyu Timazi mwenyewe alikuwa fundi wa vigae. Jina hilo, la kamba ya kupimia unyoofu wa ukuta, walimpa mafundi wenzake, kwa sababu akiingia nyumba ya mtu, hata salamu hajamaliza, amekwisha funga jicho moja anaangalia kama pembe ya ukuta imenyooka. Muziki aliuanza ukubwani. Majirani waliunda kikundi cha kupiga Jumapili, yeye akachelewa kufika, akakuta gitaa la solo limechukuliwa na mwalimu wa shule, ngoma zimechukuliwa na Kishindo, na kinyozi wa mtaani ameshashika maikrofoni hataki kuiachia. Imebaki besi. Besi ni kama kudaka golini: hakuna anayeiomba, anapewa aliyechelewa.

Lakini siku ile ya kwanza alipovuta ule uzi mnene wa juu kabisa, palikuwa na ndoo ya maji karibu na mguu wake, ndoo ya kulowekea vigae. Akaona maji yanatetemeka. Hakuna aliyegusa ndoo. Maji yakajikunja mikunjo midogo midogo, duara ndani ya duara, yakatulia. Akavuta tena, yakajikunja tena. Fundi mzima, baba wa watoto, akakaa chini sakafuni mbele ya ndoo akawa anavuta uzi na kutazama maji mpaka Kishindo akamuuliza kama anataka kuoga. Tangu siku hiyo hakutoka tena.

Tatizo lilikuwa mama.

Mama aliishi mbali, na kila kikundi kilipopiga mahali, Timazi alimtumia picha za video kwenye simu. Mama alivaa miwani, akatazama, kisha akapiga simu.

"Nimeona, mwanangu. Yule kinyozi namwona na namsikia. Anayepiga ngoma namwona na namsikia. Mwalimu wa watu na gitaa lake la kulialia, namsikia. Wewe nakuona unatikisa kichwa, vidole vinatembea kama mtu anayechambua mchele. Sauti yako siisikii. Una hakika ule waya wako wameuchomeka?"

"Mama, simu ina mdomo mdogo. Sauti nene haipiti humo."

"Sauti gani isiyopita kwenye simu? Marehemu baba yako alikuwa na sauti kama pipa, na kwenye simu nilimsikia vizuri sana akigomba."

Utani ule ulianza kama utani, ukaota mizizi. Mama akaja kuamini kabisa kwamba wenzake wanamdanganya mwanawe. Wamempa ubao wenye nyuzi asimame nao ili mstari upendeze, na yeye, kwa upole wake, hajagundua. Akawaambia ndugu. Ndugu wakaanza kumuuliza Timazi kwenye misiba, "Bado unasimama na wale wenzako?" Wanasema unasimama, hawasemi unapiga.

Na kila mama aliposema hasikii, Timazi alitafuta dawa. Kwanza akabadilisha waya. Kisha akapata kijisanduku cha kukanyaga kwa mguu, kinachofanya sauti iwe na makwaruzo. Wenzake wakakikataa siku ya kwanza tu. Kisha akaileta ile spika, sanduku jeusi linalomfika mtu kifuani, zito mpaka linabebwa na watu wanne, wenzake wakalibatiza Jeneza. Mwisho akamjengea mwenye duka la vyombo vya muziki bafu zima, kuta na sakafu, na badala ya ujira akachukua bi mdogo.

"Hili linasikika mpaka kwa jirani asiyetaka," mwenye duka alimwambia. "Ila shika neno moja. Ukimaliza kupiga, chomoa waya kwenye gitaa. Waya ukikaa mle ndani, betri inaliwa, hata kama hupigi."

"Nimesikia," akasema Timazi. Naye alisikia kama mtoto anavyosikia habari za kunawa mikono. Bi mkubwa alikuwa amekaa na waya ubavuni miaka yote na hakuwahi kulalamika. Bi mdogo akafika nyumbani, akasimamishwa sebuleni mahali pa heshima, waya umechomekwa, akakaa hivyo wiki baada ya wiki, taa ya sanduku imezimwa, watu wamelala, na betri inaliwa taratibu kama jibini na panya.

Mama akaja kutibiwa magoti. Matibabu yakaisha, tiketi ya kurudi ikakatwa ya Jumatatu asubuhi, na Jumapili kikundi kimealikwa kwenye kiwanda cha magodoro, kumuaga mtunza stoo anayestaafu. Jumamosi jioni, wakiwa mezani, mama akaweka kijiko chini.

"Nisikilize, baba. Sina ugomvi na muziki. Nina ugomvi na Jumapili zako. Una watoto, una mke anashona mpaka macho yanamtoka, na wewe siku ya mapumziko unakwenda kusimama. Kesho nitakuja nikae mbele. Nikikusikia, wewe, si wao, sitalisema tena neno hili mpaka nazikwa. Nisipokusikia, mrudishie mwenye duka gitaa lake. Tumeelewana?"

Timazi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani.

"Tumeelewana, mama."

Kilichomuuma usiku ule hakikuwa hofu ya kumwahidi mama jambo, mama ni mama. Kilichomuuma ni kwamba na yeye mwenyewe hakuwa na jibu. Alijua vidole vyake vinafanya nini. Alijua maji yanatetemeka. Lakini kama angeondoka pale, kitu gani kingepungua? Hajui. Atajuaje? Kila mara kikundi kilipopiga, yeye alikuwa ndani yake.

Basi wakafika kiwandani. Sherehe ilipangwa ndani ya stoo yenyewe, chumba kirefu cha sakafu ya mbao, magodoro yamerundikwa ukutani pande zote mpaka karibu na paa, na viti vimepangwa katikati. Harufu ya sponji mpya imejaa. Kishindo na wenzake wakaanza kushusha vyombo.

"Taratibu na Jeneza! Mshike kwa chini!"

Mama akasimama ghafla mlangoni. "Jeneza la nani?"

"La mwanao, mama," Kinyozi akasema, mishipa imemtoka shingoni. "Uzito wake tunaujua wabebaji."

Wakaanza kupiga. Sasa, godoro ni mnyama wa ajabu: linameza sauti nyembamba. Gitaa la mwalimu lilifika katikati ya stoo likafa. Matoazi ya Kishindo yalisikika kama vijiko vimefungwa kitambaa. Sauti nene peke yake ndiyo ambayo godoro haliwezi kuila, hivyo Timazi angetulia tu, chumba chote kingekuwa chake. Lakini mtu akiwa na haja hatulii. Aliona mama amekaa kiti cha mbele, mkoba magotini, macho yamekazana na vidole vyake, akaanza kuzungusha vifundo. Akaongeza ukali. Akaongeza noti, palipotaka moja akaweka nne, tano.

Wimbo wa kwanza ukaisha. Akamwinulia mama nyusi. Mama akatikisa kichwa, polepole.

"Nasikia muziki," akasema alipomsogelea. "Mzuri. Ila wewe ni upi humo, sijui."

Wimbo wa pili akazidisha. Kinyozi akageuka katikati ya ubeti, akafunika maikrofoni kwa kiganja. "Wewe, umenikalia kooni! Nipishe nipumue!" Kishindo naye kutoka nyuma ya ngoma: "Unapiga besi au unamfukuza nyoka?"

Mama akatikisa kichwa tena. Safari hii hakungoja kuulizwa.

Hapo Timazi akakata tamaa, na kukata tamaa kwake kukawa ndiyo salama. Mtunza stoo alikuwa ameomba wimbo wa taratibu acheze na mkewe. Timazi akarudisha vifundo vyote katikati. Akasema moyoni, ikiwa ni mara ya mwisho, basi nipige kama inavyopigwa. Akaweka noti moja mahali pa noti moja. Akaacha nafasi mahali pa nafasi. Wazee wawili wakainuka, wakashikana mikono, wenzao wakawafuata, na baada ya muda stoo nzima ilikuwa imesimama, watu wazima wenye viatu vya kazi wanapepesuka kidogo kidogo kama nyasi zinazopulizwa na upepo mmoja.

Ndipo besi ikaanza kuugua. Kwanza ikakwaruza, kama mtu mwenye mafua. Akadhani ni waya, akautikisa. Ikapungua. Noti ikatoka nusu. Nyingine robo. Halafu ikanyamaza.

Vidole vyake viliendelea kutembea, kwa mazoea, na hakuna kilichotoka. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu aingie kwenye kikundi kile, Timazi aliwasikia wenzake bila yeye.

Hakuna chombo kilichokosea. Mwalimu alipiga vilevile, Kinyozi aliimba vilevile, Kishindo hakupoteza pigo hata moja. Lakini wimbo ulikuwa umeng'olewa miguu. Ulining'inia hewani kama shati kwenye kamba, lina mikono, lina kola, ndani hamna mtu. Akaona wachezaji wanapunguza mwendo. Hawakujua kwa nini. Mwanamume mmoja alitazama sakafu kama aliyedondosha kitu. Mtunza stoo alisimama kabisa, mkono bado kiunoni kwa mkewe, akatazama huku na huku. Timazi nywele zikamsimama mikononi. Alijiona kama mtu aliyeishi ndani ya nyumba miaka yote, leo kwa bahati mbaya amejikuta nje, akaona ni kubwa kiasi gani.

"Mungu wangu," akasema, na hakuna aliyemsikia.

Akamtazama mama. Mama alikuwa ameinua uso juu, kwenye paa, kichwa kimeinama upande mmoja. Hakuwa anatazama vidole tena. Mkono wake mmoja ulikuwa tumboni.

"Kimeondoka nini?" mama akauliza kwa sauti, hamuulizi mtu. "Kuna kitu kimeondoka hapa."

Kishindo, huku anapiga, akapaza sauti, "Timazi! Umelala?"

"Betri! Sikuchomoa waya! Nani ana betri ya mraba?"

"Ya mraba?" Kinyozi akaruka maneno mawili ya wimbo. "Ile maikrofoni ya mshereheshaji inatumia hiyo hiyo!"

Mshereheshaji alikuwa karani mkuu wa kiwanda, mtu aliyeshika maikrofoni yake isiyo na waya tangu mchana kama ameirithi. Aliposikia hivyo akaificha nyuma ya mgongo. "Samahani sana. Kuna hotuba fupi bado, kuna shukrani, na kuna zawadi za kutangaza."

Hapo mama akainuka. Na magoti yale ya kutibiwa, akaweka mkoba kwenye kiti, akapita katikati ya wachezaji waliosimama, akafika mbele ya karani, akafungua kiganja.

"Baba, umesema ya kutosha. Nipe ya mwanangu."

"Mama, utaratibu..."

"Tangu mchana unasema, na hapa ndani hakuna aliyetaka kukusikia zaidi. Yeye amenyamaza kidogo tu, tazama watu walivyosimama. Haya, lete."

Stoo nzima ikaangua kicheko, mtunza stoo akipiga makofi. Karani akatoa betri kama mtu anayetoa jino. Mama akaileta mwenyewe mpaka mbele ya Jeneza. Timazi akaligeuza gitaa, akafungua kijumba cha mgongoni kwa ukucha, akaitoa iliyokufa, akatia iliyo hai. Wenzake walikuwa bado wanazunguka na ubeti ule ule, wanamsubiri.

Hakuingia mara moja. Alingoja Kishindo azunguke mpaka mwanzo. Kisha akavuta uzi wa juu kabisa, mara moja, akauacha uende.

Sauti haikutoka mbele. Ilitoka chini. Ilipanda kwenye mbao, kwenye miguu ya viti, kwenye soli za viatu. Maji kwenye glasi za meza kuu yakajikunja duara ndani ya duara. Na watu wote, kwa pamoja, bila kuambizana, wakashusha pumzi: "Aaah." Mwendo ukarudi miguuni mwao kana kwamba mtu amewarudishia viatu. Mama alikuwa amesimama pale pale, kiganja kimelala juu ya Jeneza, macho amefumba, na uso wake Timazi hakuwahi kuuona vile, hata siku alipomwonyesha mjukuu wa kwanza. Akakaa hivyo wimbo mzima. Watu wakampitia kushoto na kulia wakicheza, hakuna aliyethubutu kumwambia apishe.

Njiani kurudi jua bado lilikuwepo. Safari hii Timazi alikaa mbele, mama katikati.

"Kumbe ndiyo wewe," mama akasema.

"Ndiyo mimi, mama."

"Unajua mle hospitali nilimofanya kazi ya kufua mashuka. Zile mashine kubwa. Mgeni akiingia anaziba masikio, sisi tunamshangaa, anaziba nini? Hatuzisikii. Miaka na miaka. Halafu siku moja umeme ukakatika." Akaupakata mkoba. "Sote tukaacha kazi, mashuka mikononi, tukatazamana. Mwenzangu mmoja alilia, wala hajui anachokililia. Ndivyo nilivyosikia leo. Nikasema, mashine zimezimwa. Mashine gani tena, na mimi nilistaafu zamani?"

Kishindo akapunguza mwendo wa lori apate kusikia vizuri.

"Mbona hukuniambia?" mama akamuuliza mwanawe.

"Nimekuambia mara ngapi, mama? Nilikuambia sikiliza."

"Uliniambia nisikilize. Ungeninyamazia kidogo, ningeelewa siku nyingi."

Timazi akacheka, kisha akajikuta anafuta macho kwa mgongo wa mkono wenye saruji kwenye kucha. Alitaka kumwambia kwamba na yeye alikuwa hajajua mpaka leo. Hakumwambia. Alimshika mkono, mkono wa dobi, mpana, wakaenda hivyo mpaka getini, ambako mkewe alikuwa amesimama na futi yake shingoni, anawatazama nyuso kujua hukumu.

"Vipi?" akauliza.

"Mke mwenzio alizimia katikati ya watu," mama akamjibu, anashuka kwa shida. "Ulisema kweli kuhusu mbachao. Nitengenezee chai, mkwe wangu, nikusimulie."

Jumatatu mama alisafiri. Hakulisema tena neno lile mpaka alipozikwa. Video bado alitumiwa, bado hakusikia kitu ndani yake, na aliwaambia majirani waliotazama naye kwamba simu ina mdomo mdogo. Mtunza stoo alihamia kwa binti yake akafuga kuku. Karani mkuu alinunua maikrofoni ya waya. Kinyozi aliacha kuimba alipopanua kibanda chake cha kunyolea, Kishindo aliuza lori. Jeneza lilibaki kiwandani, hakuna aliyejitolea kwenda kulibeba. Wanalitumia kuwekea chai. Bi mdogo alirudi kwa mwenye duka kwa hiari, akabadilishwa kwa nyuzi mpya nne ambazo Timazi hajazifungua mpaka leo. Bi mkubwa anapigwa kila Jumapili. Timazi angali anaweka vigae. Waya anauchomoa kila akimaliza, ingawa gitaa lile halina betri.